Duka la samaki wa mapambo hapa Tanga: samaki wao wazima, maneno yao yachuje

Jina la duka silitaji, mwenye duka na mume wangu wanaswali msikiti mmoja na mi mwenyewe bado nanunua chakula cha samaki pale, sitaki maneno. Ila nshatumia hela nyingi mno kwao na nshafukia samaki wengi mno nyuma ya nyumba kukaa kimya. Nyota tatu na nusu kati ya tano, na hiyo nusu ina historia yake, ntaifikia.

Mi nina saluni ya kina mama, Makorora, na kilichonipeleka kwenye samaki ni foleni. Mtu anayesubiri kusukwa masaa manne anataka kitu cha kutazama. TV nilikuwa nayo, ugomvi wa rimoti haukuisha, huyu anataka tamthilia ya Kituruki, yule anataka taarabu, siku moja rimoti ikapasuliwa kabisa. Nikasema basi, naweka tanki la samaki kubwa ukuta mzima, samaki hawana chaneli.

Tanki lenyewe sikununua dukani, lilitengenezwa na fundi vioo, futi sita kwa mbili kwa mbili, kioo cha milimita 12. Piga hesabu, sentimita 180 mara 60 mara 60 ni lita 648, utoe mchanga, magogo na ile nafasi ya juu yabaki mia tano na kitu. Lita moja ya maji ni kilo moja kwahiyo hapo una zaidi ya nusu tani imesimama saluni kwako kabla hujahesabu kioo. Stendi nikachomelewa ya chuma, na bahati yangu saluni iko chini, ungekuwa ghorofani umuulize kwanza fundi aliyejenga hiyo nyumba.

Sasa duka. Walipo wazuri niseme, maana haki ya mtu haizuiliki. Samaki wao wazima. Mapezi yamefunguka, macho meupe hayana ukungu, ukimwambia kijana "hebu mlishe nione" anamlisha mbele yako bila kununa, na kila tanki lina wavu wake, hachoti samaki mgonjwa kule akaja kuchota mzima huku kwa wavu ule ule. Mfuko wanaujaza maji theluthi moja, juu yote hewa ya oksijeni, wanafunga mara mbili na kuzungushia gazeti ili samaki akae gizani asihangaike. Nilibeba mifuko minne kwenye bajaji kutoka kule mpaka Makorora na hakufa hata mmoja. Usafi pia, ukiingia mle husikii ile harufu ya bwawa lililokufa.

Tatizo ni mdomo wa muuzaji. Kijana mchangamfu, mwanangu kabisa kwa umri, ila yeye anauza samaki wa leo, samaki wa mwakani hamjui wala hamuhusu. Nilimwambia nina tanki la futi sita nataka samaki wakubwa wa kule Amerika ya Kusini, wale jamii ya sikilidi, niliwaona kwenye video nikawapenda. Akanizungusha duka zima, huyu mzuri dada, na huyu, na huyu. Nikamuuliza watakaa pamoja? Akanijibu kwa kujiamini, "Dada, hawa wote wa Amazoni, wanajuana."

Wanajuana! Na simba na pundamilia si wote wa Serengeti, nao wanajuana vizuri sana tu.

Siku ile niliondoka na oska watatu, wawili urefu wa kidole cha kati na mmoja kama kiganja ambaye kumbe alirudishwa na mteja mwingine (hilo niliambiwa baadaye), grini tera mmoja na Jack Dempsey mmoja, hao wote sikilidi, neoni kumi na mbili wale wadogo, kori watatu wale kambale wadogo wa chini, na pleko mmoja "wa kula uchafu". Na mawe ya matumbawe ya kupambia, akaniwekea kama ofa.

Neoni hawakumaliza siku mbili. Asubuhi ya kwanza nikahesabu saba, nikajua wengine wamejificha, nikainua gogo, hakuna. Asubuhi ya pili hakuna hata mmoja na yule oska mkubwa tumbo limemtuna kama katoka kwenye maulidi. Neoni kweli wa Amazoni, hakunidanganya, ila ni samaki wa sentimita tatu, na kwa oska chochote kinachoingia mdomoni ni chakula, hana chuki wala nini, ndivyo alivyoumbwa. Ningeambiwa hilo neno moja tu ningeokoa hela za neoni kumi na mbili.

Kori ndio ilikuwa balaa. Siku ya nne hivi, jioni, nina mteja kichwani nusu kimesukwa nusu bado, mwenzangu akapiga kelele, "Mama njoo huku, samaki anakufa!" Naenda naona oska mkubwa kaganda pembeni, mdomo wazi, na mkia wa kori unachungulia nje. Yule kambale mdogo akiogopa anasimamisha miiba yake ya mapezi na kuifunga kabisa, hairudi, kwahiyo kaingia kooni akajifunga kama kabari, hatoki haendi. Ukimvuta kwa nguvu unamchana oska koo zima. Nikachukua taulo nikalilowesha kwenye maji ya tanki lenyewe, nikamtoa oska nikamfunika macho, mwenzangu kamshika, mi nikaingiza mkasi wa kukatia kucha pembeni ya mdomo nikakata mwiba mmoja, tak, nikageuka nikakata wa pili, ndo nikamvuta kori polepole na kibano cha nyusi. Kori keshakufa zamani. Oska nikamrudisha majini, alilala ubavu kama dakika kumi, nikajua huyu naye ndo basi, kisha akanyanyuka. Siku tatu hakula. Mpaka leo yupo na wateja wanamwita Mgonjwa. Yule mteja wa nusu kichwa hakulipa, alisema kaona sinema ya bure lakini kachelewa shughuli, sikumdai.

Nikapiga simu dukani, kijana akasema, "Pole dada, huyo ni tabia yake tu." Tabia yake nani, si ungeniambia nilipokuwa nalipa!

Wiki zilizofuata grini tera akaanza ubabe. Samaki mzuri walahi, rangi ya kijani na buluu inamerimeta, pindo la mkia la dhahabu, ila roho yake kama mgambo. Alijichukulia nusu ya tanki, kulia kote kwake, mtu akivuka gogo anakula kichapo. Jack Dempsey naye hakubali kuonewa, wanakamatana midomo wanasukumana kama wabishi wa barazani, oska wadogo wakabaki kwenye kona juu mapezi yamechanika, na mmoja akafa.

Hapo ndo nikaanza kusoma mwenyewe usiku, nikagundua ule "Amazoni" wa kijana ni wa kwenye kibandiko tu. Grini tera hatoki Amazoni hata kidogo, anatoka Ekwado na Peru, kwenye mito ya upande wa pili wa milima ya Andes inayomwaga Pasifiki. Jack Dempsey ndo kabisa, si wa Amerika ya Kusini, ni wa Mexico kushuka mpaka Honduras, na jina kapewa la yule bondia wa Marekani aliyekuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu kuanzia 1919 mpaka 1926. Jamani, samaki kapewa jina la bondia, na mi nimemweka na watoto! Ungetegemea muuzaji anishtue hata kwa utani.

Nilichojifunza kwa gharama zangu ni kwamba swali la "anatoka wapi" halikusaidii sana, la kuuliza ni "anaishia wapi". Oska wa kidole kimoja anafika sentimita 30, na hafiki kwa miaka, akila vizuri utotoni anaongeza kama sentimita mbili na nusu kila mwezi, wangu baada ya miezi minane nikiweka mkono kwenye kioo ananizidi kiganja. Kwahiyo usipange tanki kwa samaki uliowabeba kwenye mfuko, panga kwa watakavyokuwa mwakani. Oska mmoja peke yake anataka kama lita 280 na kuendelea, sasa wewe una tanki la futi tatu unaambiwa "chukua wanne dada watakuchangamshia". Halafu uliza hasira zake akitaka kutaga, kuna samaki mpole mwaka mzima ila akipata mwenza anageuka chui, analinda mayai, hapiti mtu. Na uwaweke wakiwa wadogo wote pamoja, ukileta mgeni baadaye kwenye tanki lenye wenyewe hamisha mawe na magogo siku hiyo hiyo kila mtu apotee njia, mipaka ianze upya, hiyo imenisaidia sana.

Pleko nae ana uongo wake. Kila duka ntakaloingia naambiwa "huyo msafishaji". Anakwangua ule ukijani wa kwenye kioo ni kweli, ila mavi ya wenzie hali, na yake mwenyewe jamani, kamba ndefu ndefu zinaning'inia kwenye gogo kutwa. Na wale wa kawaida wanafika sentimita 40 na zaidi. Faida yake ni magamba, mgumu kama bati, oska kamjaribu mara moja kaacha. Ila nakuomba akikushinda usiende kumwaga mto Zigi, samaki huyu kashaota mizizi kwenye mito ya nchi za watu kibao na kumtoa hawawezi tena.

Sasa ile nusu nyota. Nilimfunga grini tera na Jack Dempsey kwenye ndoo mbili zenye vifuniko nikaenda dukani mwenyewe, safari hii nikamkuta mzee mwenye duka. Nikamweleza kwa adabu maana mtu mzima, "Shikamoo mzee wangu, nimekuja na hawa mabwana, wananivunjia nyumba." Akacheka, akamwita kijana, akamsema kidogo pale pale mpaka nikaona aibu mimi. Kisha akawapokea wote wawili na kunipa silva dola watano, wale wapana, na severamu mmoja, sikilidi mwingine, hakunidai hata senti ya nyongeza. Na kitu ambacho sikukitegemea, akafungua filta ya tanki lake la zamani akanikatia kipande cha sponji chafu, cheusi tii, akanifungia kwenye mfuko wenye maji. "Kaweke kwenye filta yako, usikioshe na maji ya bomba." Bure. Mzee anajua, shida yake hakai kaunta.

Ile sponji chafu ni dhahabu, na inanikumbusha kosa lao kubwa la pili nililokuwa sijalisema. Kijana aliniambia weka maji leo, kesho weka samaki. Nikafanya hivyo, siku ya tatu maji yakawa meupe kama ya mchele, samaki wanahemea juu. Hamna uchawi, mkojo na kinyesi cha samaki vinatoa amonia, na amonia ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, nayo sumu, kisha wengine wanaigeuza kuwa nitrati ambayo haina makali sana, hiyo unaitoa kwa kubadilisha maji. Hao bakteria wanakaa kwenye filta na kuota kwao kunachukua kama wiki nne mpaka sita. Tanki jipya halina hata mmoja. Ukiazima sponji ya tanki lililokomaa unakuwa umeazima kijiji kizima. Vipimo vya amonia duka hawana, na hapo nawakata pointi, nilivitoa Dar kwa basi. Duka linalouza oska halafu haliuzi kipimo cha amonia ni kama kuuza pikipiki isiyo na breki.

Matumbawe yale ya ofa nayo niliyatoa. Matumbawe ni chokaa ile ile, wazee wetu wameyachoma wakajengea, nenda magofu ya Tongoni ukaone. Ukiyaweka majini yanayeyuka kidogo kidogo na kupandisha pH (kipimo cha asidi, namba ikipanda asidi imepungua) na ugumu wa maji, yaani madini yaliyomo. Maji yangu ya bomba niliyapima yakasoma saba na ushei, baada ya mwezi na yale mawe yakasoma nane na kitu. Hawa wa Amerika ya Kusini wanapenda maji laini, pH sita mpaka saba na kidogo. Kusema haki oska hana maringo, aliishi tu, lakini ungekuwa na diskasi, sikilidi mwenye maringo, ungelia. Mawe ya chokaa yawekee samaki wa ziwa Tanganyika, wale ndo kwao. Kupima jiwe ni rahisi, lidondoshee siki, likitoa povu ni chokaa, liache. Mi nimechukua mawe ya mtoni kutoka Muheza, meusi mazuri hayachemki.

Hita waliniuzia pia. Hapa Tanga, jamani. Hawa wanataka nyuzi 24 mpaka 28 na maji yangu kwa joto letu hayajawahi kushuka chini ya hapo yenyewe, hita ipo kabatini na risiti yake. Ungewauzia pampu ya hewa ya betri ingekuwa na maana zaidi, umeme ukikatika masaa sita oska hana hewa, maji ya moto hayashiki oksijeni nyingi. Na filta ikikaa kimya muda mrefu usiiwashe tu umeme ukirudi, mwaga kwanza yale maji ya ndani yaliyooza.

Kwahiyo leo hii ndani nina oska wawili, Mgonjwa na mwenzie, severamu mmoja, silva dola watano na pleko, basi, sijaongeza na siongezi, ingawa kwa macho tanki linaonekana lina nafasi. Silva dola ndo siri. Ni wapana kama sahani, wanafika sentimita 15, hawaingii mdomoni, wanatembea kundi katikati ya maji, na oska akiwaona wenzie wako wazi bila wasiwasi naye anatoka mafichoni. Zamani wateja walikuwa wanaangalia gogo, sasa wanaangalia samaki. Severamu mpole, anakula mbaazi za kuchemsha na mchicha, majani ya mapambo kayamaliza yote lakini namsamehe. Nabadilisha maji kila wiki ndoo kumi za lita ishirini, natoa kwenye simtanki yaliyolala siku nzima klorini iruke. Kama hutaki oska na ubabe wake, severamu wawili watatu na kundi la jiofagasi, wale wanaochuja mchanga mdomoni na kuutema kwenye mashavu, na silva dola juu, ni tanki tamu sana la futi sita. Ila mchanga uwe laini, kokoto zitawaumiza.

Chakula cha duka kizuri, vidonge vinaelea na havichafui maji haraka. Naongezea kamba wabichi wa soko la samaki la Deep Sea mara moja moja. Na nimebandika karatasi kwenye kioo USILISHE SAMAKI baada ya mtu kumtupia Mgonjwa kipande cha sambusa.

Kuna mama mmoja mteja wangu anakaanga samaki miaka yote, alimtazama oska kwa muda kisha akasema, "Huyu si perege tu huyu, perege wa Kizungu." Tukacheka, kumbe kapatia, perege na sato nao ni sikilidi, ukoo mmoja. Mwangalie puani, samaki wengi wana matundu mawili kila upande, hawa moja moja, oska na perege sawasawa. Yeye hakusoma popote, anasema kwa miaka ya kuparua.

Juzi nilikwenda kuchukua vidonge nikamkuta kijana anamuuzia kaka mmoja kambale mkia mwekundu, kadogo, kazuri, madoa na ndevu nyeupe, kaka ana tanki la futi tatu. Nikauliza kwa sauti ya kawaida tu, "Mdogo wangu, huyo anaishia wapi?" Kijana akanitazama, akatazama kaunta, akasema, "Anafika mita, anti." Kaka akarudisha pochi mfukoni. Nadhani kwa kijana mi si mteja mzuri tena.

Mkienda, mzigo wa Dar ukishuka usinunue siku hiyo, waache wapumzike wiki muone nani anabaki mzima. Nenda asubuhi, mzee yupo mpaka adhuhuri, jioni ni kijana peke yake. Na beba ndoo yako yenye kifuniko, mifuko wanahesabia.